Shingo Iliyosomea Ukutani

Nekesa wangu,

Niaje, kama mnavyosalimiana siku hizi. Huku Lindi, hapa Kibera, tuko salama; babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kwa nini nikiulizwa swali huinamisha kichwa begani.

Miaka ya tisini ukuta wetu wa udongo tuliubandika magazeti kuzuia vumbi. Shangazi yangu hakujua kusoma, akayabandika yakiwa yamelala ubavu. Basi habari za vita, wafalme wa kale na mpira nilizisoma shingo ikiwa upande.

Siku moja vijana wa kanisa letu walishindana maswali na wa Kawangware. Tukawa sare. Swali la mwisho: michezo mingi ya video hutengenezwa nchi gani? Sikuwa nimewahi kuuona hata mmoja. Nikainamisha kichwa.

"Huyu shingo imemshika," mmoja wao akasema, ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa naliona akilini gazeti la juu ya kitanda changu.

"Japani," nikajibu.

Tulirudi Kibera wenzangu wakiimba jina langu.

Jana mamako alinionyesha video yako ukijibu maswali shuleni. Kabla ya kujibu, uliinamisha kichwa. Na kuta za kwenu, Nekesa, hazijawahi kubandikwa gazeti.

Ni mimi, nyanya yako.