Barua ya Chifu na Kalamu Nyekundu ya Daktari Thuranira

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wanaoomba nafasi ya masomo ya juu ni kutafuta barua ya mapendekezo kwa mtu mwenye cheo, badala ya mtu aliyewafundisha. Wiki hii nimelikuta tena katika barua iliyoletwa kwenye safu hii kutoka Ruring'u, ila safari hii limefanywa kwa upendo mwingi hata sikuweza kulicheka.

*Mwalimu Kahiga, pokea salamu zangu za heshima,*

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya upili hapa Nyeri, nina mume na mtoto mmoja, Wacera, na tangu chuoni nimependa takwimu kuliko hesabu nyingine yoyote, kwa sababu inaweza kuingia shambani ikauliza kama mbolea hii kweli imeishinda ile au ni mvua tu iliyonyesha vizuri, na sasa chuo kikuu kimoja cha Nairobi kimetangaza shahada ya uzamili ya takwimu tumizi, nami nimesoma masharti nikaona nayatimiza, shahada yangu ya kwanza ni ya daraja la pili la juu, kalkulasi ninayo, matriki na hesabu za uwezekano ninazo, hata kompyuta nimeanza kujifunza, kilichobaki ni barua mbili za mapendekezo, na hapo ndipo nilipokwama.

Tulipomtembelea baba mkwe wangu, Mzee Njoka, huko Kutus, aliniuliza, "Na hiyo takwimu ni ya kuhesabu nini?" nikamweleza habari ya mbolea na mvua, akasema, "Hiyo ni kazi ya maana, Mama Wacera, wachia mimi hizo barua," nami nikadhani ananifariji tu, kumbe mzee alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa chifu, akaenda na kwa askofu, akangoja kwenye mabenchi yao, na Jumapili akaniletea bahasha mbili akiwa na furaha ya bwana harusi, "Hii iko na muhuri ya serikali, hii iko na ya kanisa, sasa wakatae tuone!"

Barua hizo zinasema mimi ni mke mwenye adabu na sijawahi kuletwa barazani kwa kesi yoyote. Mwenzangu Saumu, anayefundisha kemia, alizisoma akacheka mpaka akaketi, "Mwalimu, kwani unaenda kusoma ama unaenda kuolewa mara ya pili?" kisha akaniambia nimwombe Daktari Thuranira, aliyenifundisha takwimu na kusimamia utafiti wangu wa ugonjwa wa kahawa, lakini Mwalimu, mtu huyo namwogopa, alinirudishia kazi yangu ina wino mwekundu kila ukurasa, akaniuliza mbele ya wenzangu, "Mukami, hitimisho hili umelipata kwa mganga?" nami niliiandika upya kazi yote mpaka akaipitisha, ila tangu siku hiyo najua ananidharau, na sasa nikiziweka kando barua za mzee nitakuwa nimemvunja moyo mzee wa pekee katika ukoo huu ambaye hakuniuliza mke wa mtu anataka shahada nyingine ya nini, na nikizituma naona nafasi itanipotea, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi, nifanyeje?

*Mukami, Ruring'u*

Mukami mwanangu,

Nitakusifu kwanza, kisha nitakugombeza.

Umeieleza takwimu vizuri kuliko vitabu vingi. Shamba moja likizaa kuliko la jirani, wengi wetu tunausifu mfuko wa mbolea. Mtakwimu anauliza juu ya mteremko, kivuli, maji, na ni nani aliyepalilia mapema. Chuo hakidai kalkulasi na matriki ili kuwatisha watu. Mambo hayo yote hutokea kwa pamoja, na bila hesabu hizo huwezi kuyatenganisha ukajua lipi limefanya nini. Ni elimu nzuri sana, na inafaa kuwa na watu kama wewe.

Sasa barua. Wanaochagua wanafunzi wanataka kujua jambo ambalo hati ya matokeo haisemi: mtu huyu akionyeshwa kwamba kazi yake ina kosa, hufanya nini? Chifu hawezi kuwajibu, na askofu pia hawezi. Thuranira alikuona ukiandika upya kazi nzima. Nawe ni mwalimu, niambie, wino wako mwekundu unaumalizia katika madaftari ya nani? Mwanafunzi aliyekwisha kutukatisha tamaa tunampa alama mwishoni tunafunga daftari. Hatumwandikii kila ukurasa.

Wewe usiyekubali sifa za mbolea bila ushahidi, umeamini kwamba mtu anakudharau kwa sababu ya sentensi moja. Basi nakuuliza swali lake mwenyewe: hitimisho hilo umelipata kwa mganga?

Barua ya pili mwombe mkuu wa shule yako, ikiwa masharti yanaruhusu mtu wa kazini. Kama hayaruhusu, tafuta mhadhiri mwingine aliyekufundisha.

Kuhusu Mzee Njoka, usimfiche, wala usimtume mumeo. Nenda Kutus mwenyewe Jumamosi. Habari ya mbolea aliielewa mara moja, na hii pia ataielewa: mwambie watu wa chuo wanataka neno la mtu aliyekusahihisha. Barua zake zihifadhi. Utakapoomba msaada wa karo, watu watauliza wewe ni nani kwenu, na hapo muhuri wa chifu utakuwa mahali pake. Kisha mwombe kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukupa. Utakapokuwa Nairobi masomoni, yatasemwa maneno kwamba Mama Wacera ameacha nyumba yake. Mwombe ayajibu yeye. Mzee aliyevaa koti la kanisani akakaa kwenye benchi la chifu kwa ajili ya elimu ya mke wa mwanawe atayajibu, na watu watanyamaza. Wazee wa namna hiyo ni wachache. Mheshimu kwa kumwambia ukweli.

Lakini Jumamosi bado, na mwezi unakwisha. Leo, kabla posta haijafungwa, mwandikie Daktari Thuranira.