Dumu la Njano

Jumatatu, 1 Julai 1996

Ngulyati tena. Nilifika kituo cha kununulia pamba saa nne asubuhi, nyuma ya kiti cha pikipiki nimefunga jiwe langu la chuma la kilo ishirini, lile la mizani ya zamani ya Ushirika. Nikaliweka juu ya mizani ya kampuni mbele ya wakulima. Kilo ishirini kamili. Wiki iliyopita gunia la Joakim lilipungua kilo sita juu ya mizani hiyo hiyo. Je, mizani huugua na kupona?

Thomasi, karani wao, alinipa kiti na soda.

"Pima tu, Mwalimu. Sisi hatuna siri."

Asiye na siri hana haja ya kulitaja neno hilo. Hii ni mara ya tatu nafika bila taarifa na kukuta kila kitu kimenyooka. Kuna mtu anawapasha habari.

Pikipiki yangu ya magurudumu manne ilienda vizuri mno. Watu wanacheka kwamba nilimpa yule Mholanzi wa visima ng'ombe wanne kwa matairi manne. Wacheke. Injini yake ni ya miaka ya themanini, ya kunywa petroli iliyochanganywa na oili, ya mashindano, si ya kubebea kuni. Giya ya pili inasinzia kama punda. Unaongeza moto, bado inasinzia. Halafu inaamka yote mara moja na mikono inataka kubaki nyuma. Leo mbuga imekauka, nyufa zimejaa vumbi, nilipaa. Nina miaka hamsini na miwili. Ushirika ulinipunguza kazi mwaka juzi, wakaniambia soko litatunyoosha sote. Basi na mimi nitalinyoosha soko.

Jumatano, 3 Julai

Kwa Luhaga, fundi wangu, kuchukua petroli. Ni yeye anayeichanganya tangu siku ya kwanza: lita ishirini ndani ya dumu langu la njano, makopo mawili ya maziwa yaliyojaa oili ya kijani, kisha analitikisa kama mtu anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Haniruhusu kuchanganya mwenyewe. Anasema mimi nina hasira, na hasira haina vipimo.

Nikamwuliza anadhani nani anawaambia watu wa kampuni kwamba nakuja.

"Ekzosi yako," alisema. "Mwalimu, wewe ukiwasha hapa Bariadi, Ngulyati wanaanza kufagia. Mama yangu yuko Kiloleli, juzi aliuliza hao ni nyuki wa wapi."

Wateja wake walicheka. Mimi sikucheka. Mzaha ni mahali pazuri pa kufichia jambo. Na uani kwake kulikuwa na lori, boneti wazi, jina la kampuni ubavuni.

"La nani hilo?"

"La mteja."

Jibu fupi mno kwa mtu mwenye maneno mengi.

Alhamisi, 4 Julai

Mama mkwe yupo tangu Jumapili, kutoka Malampaka, kwa ajili ya mguu wake. Analala nyumba ya jikoni. Mila ni mila. Simwoni uso, hanioni. Mimi nikipita nakohoa, yeye akipita anageuza mgongo. Miaka ishirini na sita ya ndoa na sijawahi kuongea naye sentensi moja ana kwa ana. Salamu zinapita kwa mke wangu, Mama Milembe.

Leo wakati wa chakula nilimweleza Mama Milembe habari za petroli. Kila mwenye pampu sasa ni mfanyabiashara huru, na uhuru wake wa kwanza ni kutuuzia mafuta ya taa. Nikamfundisha namna ya kutambua. Petroli safi haina rangi. Chovya kidole: ikikauka mara moja, ni safi. Ikiacha utelezi, ujue kuna mkono wa mtu, imwage. Mama Milembe alisema nisipige kelele, si mkutano wa hadhara. Nikasema nyumba nzima inapaswa kujua.

Jumamosi, 6 Julai

Wameniua. Au wamejaribu.

Nilijaza tangi asubuhi kutoka dumu la njano. Nikapita njia ya mashambani, nyuma ya kwa Joakim, ili wasinione. Giya ya nne, moto wote. Injini ikatoa mlio wa juu kama filimbi, nguvu zikakatika, na matairi ya nyuma yakajifunga. Nilikwenda ubavu hatua kama thelathini ndani ya mabua ya mtama. Goti limechubuka. Kiki ya kuwashia haishuki hata nikiisimamia kwa miguu yote miwili.

Masunga, jirani wa Joakim, alikuwa analeta ng'ombe wake wa jembe. Akaniuliza kama mnyama wangu amekufa. Akafunga mnyororo, na hivyo ndivyo nilivyorudi Bariadi, nimeshika usukani, navutwa na maksai wawili. Tukapita mbele ya ofisi ya kampuni. Thomasi alisimama mlangoni, akavua kofia kama mtu anayepisha msiba.

Jumatatu, 8 Julai

Luhaga amefungua injini. Plagi nyeupe kama chaki, wakati siku zote hutoka rangi ya kahawa. Pistoni imechubuka upande wa ekzosi, ilikuwa imeng'ang'ania silinda. Aliigeuza mkononi muda mrefu.

"Hii haikuonja oili, Mwalimu. Hata tone."

"Nani anatia oili?"

"Mimi."

"Na lori la nani lilikuwa hapa Jumatano?"

Hapo akaelewa. Aliweka pistoni juu ya gunia, taratibu. "Nilitia makopo mawili. Ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwa nalitazama lori."

Nilisema mengine. Watu sita walikuwapo. Nilisema fundi anayelishwa na kampuni hawezi kushika injini wala jembe la mkulima. Alifuta mikono, akaingia ndani. Mwenye haki hupaza sauti. Mimi ningepaza.

Jumanne, 9 Julai

Nimeandika kurasa nne. "Msaliti Mwenye Spana." Ni maandishi yangu bora tangu vita vya Ushirika, waliponipunguza kazi. Nitayasoma Jumapili kwenye mkutano wa wakulima Ngulyati, kisha gazetini. Nilimsomea Joakim ukurasa wa kwanza. Akaondoka moja kwa moja kwenda kuchukua jembe lake kwa Luhaga. Jioni nikasikia Masunga naye amechukua lake.

Mama Milembe aliniuliza kama nakumbuka nani alishika jeneza la baba yangu upande wa mbele, siku ile ya mvua. Nakumbuka. Ni Luhaga. Nikamwambia watu hununuliwa baadaye.

Alhamisi, 11 Julai

Mkono hautaki kuandika hili.

Asubuhi Mama Milembe alikuja barazani, akakaa, jambo asilolifanya kazi zikiwa nyingi.

"Baba Milembe, mama anauliza kama ile petroli nzuri ilikusaidia."

"Petroli gani?"

Mama mkwe alisikia somo langu la Alhamisi iliyopita. Lote, kupitia ukuta. Kesho yake akaliona dumu la njano pembeni ya jikoni, akachovya kidole. Rangi ya kijani. Utelezi. Akajua mkwe wake ameibiwa. Hangeweza kuniambia, na mke wangu alikuwa mnadani. Basi akatoa kuku wake wawili na fedha aliyokuja nayo, akamtuma jirani yetu Flora hadi pampu, na dumu likarudi limejaa petroli safi, isiyo na rangi, inayokauka kidoleni. Hakutaka nijue. Alitaka nisafiri salama.

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

"Alisema ni chafu lakini isipotee. Alimwagia nguzo za ghala, kwa ajili ya mchwa."

Nikaenda ghalani. Nikapiga magoti, nikanusa nguzo. Oili. Makopo mawili ya Luhaga yako pale, yamelowa hadi kimo cha goti.

Nimekaa na kurasa nne mapajani siku nzima. Kila sentensi imesimama vizuri. Hakuna hata moja ya kweli.

Jumamosi, 13 Julai

Kwa Luhaga. Uani hakuna majembe. Hakuna baiskeli. Lori la kampuni tu.

Nikamwambia nimekosea, petroli haikuwa ile aliyoichanganya.

"Ilikuwa ipi?"

Ningesema nini? Mkwe hatajwi mtaani. Nikimtaja, kesho watoto watamwimba hadi Malampaka. Ni mara ya kwanza nimenyamaza mbele ya Luhaga, na ameona.

"Lori lile walilileta wiki mbili zilizopita," alisema. "Niliwaambia wasubiri, nina majembe ya wakulima kwanza. Sasa wakulima wamekwenda. Nimebaki na lori. Ulisema mimi ni mtu wao, Mwalimu. Basi umenipeleka kwao wewe."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ulinisema mbele ya watu sita, na Joakim amewaambia sitini. Hapa tuko wewe na mimi na kuku." Akainama tena kwenye injini. Yangu. Alikuwa anasugua silinda kwa msasa, pole pole, kwa vidole viwili. "Kesho nitakuja Ngulyati. Nitakaa nyuma."

Ni usiku sasa. Nahesabu njia za kusema kweli bila kusema yote. Iko moja tu: nilitia petroli tupu mimi mwenyewe. Mwalimu wa mizani hajui kupima oili. Thomasi atakuwepo. Baada ya hapo nani ataliamini jiwe langu la kilo ishirini?

Jumapili, 14 Julai

Ngulyati. Naandika mkutanoni, daftari juu ya goti bovu. Nimekuja kwa mkokoteni wa Masunga. Watu ni wengi kuliko nilivyotaka. Thomasi yuko mbele, kiti cha wageni, kalamu mkononi. Luhaga nyuma, amesimama, mikono mifukoni. Joakim amewaambia wote kwamba leo nasoma.

Kurasa nne ziko mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto kuna karatasi moja, mistari mitatu: petroli tupu niliitia mimi.

Mwenyekiti amemaliza habari za mbegu. Anauliza nani ana neno. Nimeinua mkono wa kushoto, wa kulia unaandika.

Kuna mkono mwingine juu. Upande wa wanawake. Mgongo umenielekea, kitenge cha bluu, fimbo imeegemezwa begani. Mguu ule hauwezi kutembea kutoka Bariadi. Nani amemleta? Mama Milembe yuko kando yake, hanitazami.

Mila inamkataza kusema na mimi. Haimkatazi kusema na mkutano.

Mwenyekiti ametazama mikono miwili. Anasema mama mgeni aanze, Mwalimu tunamsikia kila siku. Watu wanacheka. Fimbo inatafuta ardhi, anajiinua.

Nimesimama bila kuitwa. Thomasi amefungua kalamu. Nimetoa karatasi ya mfuko wa kushoto, naweka kalamu chini, nianze kabla yake.