Maharage ya Kwetu Yaliyoliwa Randburg

Wambui mwanangu,

Umeota mizizi huko Randburg? Una gari, una miguu miwili mizima, una mume anayeijua njia ya kuja kwangu Yeoville vizuri kuliko njia ya kwenda kanisani, na bado mwaka unakaribia kuzunguka sijaona hata kisigino chako kwenye ngazi zangu. Ungekuwa unaumwa ningesikia. Ungekuwa umehama ningesikia pia, maana Wakenya wa mji huu wa Johannesburg hawawezi kuhamisha hata kochi bila watu kujua. Huumwi, hujahama. Unanikwepa. Mtu mzima mwenye kazi ya benki anamkwepa bibi kizee asiyeweza kukimbia!

Mimi darasani sikukaa, unajua. Nasema, Mama Zuhura anaandika. Amefunga duka lake la Fordsburg mapema kwa ajili yako, na akibadilisha neno langu likae vizuri nitamjua tu, maana atasita. Hapo amesita. Andika, Mama Zuhura, andika nilivyosema. Jumapili barua hii itasomwa mbele ya wenzetu wote wa kupanda kwenye ndoo, kwa hiyo usidhani utaikunja uifiche. Wao pia umewakimbia, na ni wewe uliyetukusanya.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulikuwa Fordsburg, hapo hapo kwa Mama Zuhura, umeshika fungu la lengalenga lililonyauka kama tambara, unatoa hela. Nikakupiga kofi la mkononi. Ukashtuka, ukatazama mkoba wako ukidhani nakuibia. Nikakwambia, "Mama, majani haya yanaota kwenye ndoo ya rangi. Unanunua ya nini?" Ukasema kwa upole ule wako, "Shosho, sina shamba." Nikakuuliza kama una ndoo. Wiki ile ile ulikuja na gari lako safi, tukajaza udongo kwenye buti mpaka kiti cha nyuma, na kutoka siku ile kwako mimi ni Shosho, bibi kwa Kikuyu chenu, kwa mtoto wako Tumaini mimi ni Gogo, bibi kwa Kizulu chake, na kwa mume wako, kwa sababu amesoma sana, mimi ni "Mama Mkubwa", kama vile mimi ni tanki la maji.

Na wewe ndiye uliyetuletea ile Shukrani ya Novemba uliyoizoea ulipokuwa unasoma Amerika. Nilikucheka. Wenzio kule wanashukuru mavuno yakiwa ghalani, wewe unatuita tushukuru Johannesburg mvua ndiyo kwanza imeanza, ndoo tupu, mbegu bado ziko mfukoni! Lakini tulikuja. Mama Zuhura alileta kuku wa halali wa Fordsburg ili naye ale kwa amani na dini yake. Wakongo walileta sombe, kisamvu chao. Tumaini alizunguka na sahani akiongea Kizulu na kila mtu, hata na wasiokijua. Nami nikaona kwamba Novemba si mbaya. Kama mbegu ziko mfukoni, basi zigawanywe.

Ndipo desturi yetu ikazaliwa pale mezani kwako. Hakuna aliyeitunga, ilitokana na yaliyotupata. Mama Zuhura alikuwa Alexandra mwaka ule wa fujo za kuwafukuza wageni, akatoka na watoto na nguo za mwilini, ndoo zake zikabaki na nyumba ikabaki. Baadaye alipokuja kwangu nikamrudishia mbegu za bamia zake mwenyewe, zile alizonipa zamani kwa mapenzi tu. Alizishika akalia kama amerudishiwa mtu. Basi tukasema, mbegu za mtu zisikae kwake peke yake. Nusu unabaki nayo, nusu unampa mwenzako siku ya Shukrani, kabla ya kula. Unazitia kwenye kiganja chake unamwambia, "Zishike kwako." Naye anakujibu, "Na kwako zisiishe." Mwaka unaofuata anakuletea ulichompa, kimezaa.

Mimi nilikupa wewe maharage ya kwetu. Si kwamba wengine hawafai. Wewe ulikuwa na ile baraza ndefu yenye paa na nguzo, na maharage yetu hayajui kukaa chini, yanataka kupanda. Unaikumbuka sura yake: meupe, na ubavu mmoja una doa jekundu, kama mtu amemwagiwa chai akiwa mbioni. Nilitoka nayo Burundi kwenye soksi ya mtoto. Kambini Tanzania nilipanda nyuma ya hema, yakazaa. Hapa Yeoville nilipanda dirishani, yakapanda nondo zile za kuzuia wezi mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani kaniruhusu. Nikamwambia, "Wezi sasa hawaoni ndani, nishukuru." Akaondoka na mfuko wa maharage.

Na kwako, kwenye ile ndoo ya barazani, yalishika! Wewe mtoto wa mjini uliyekuwa unamwagilia kwa kikombe cha chai, yalikushikia mpaka kwenye paa. Siku ile nilipokuja jua lilikuwa kali, maganda yamekauka juu ya mti kwa sababu ulichelewa kuvuna, tukakaa barazani tunakunywa chai na maganda yanapasuka yenyewe. Pa! Pa! Moja likakupiga shavuni. Ukacheka mpaka ukaweka kikombe chini. "Shosho, ni kama bisi!" Tumaini akawa anakimbia anayaokota kwenye vigae. Tukatia kwenye chupa ya jemu, ukaiweka kabatini jikoni, ukaniambia, "Hizi ni zako, Shosho. Novemba utazipata." Kaa na siku hiyo kidogo, nitairudia.

Sasa tuseme lile ambalo hujataka kulisema.

Mwaka huo mvua ya kwanza ilikuja na mawe. Ulisikia, magari ya huko kwenu yalitobolewa. Mimi nilikuwa nimepanda nusu yangu yote, sikubakiza, kwa sababu nilijua nyingine iko kwako. Mawe yakapiga miche ikabaki kama mboga iliyokwisha katwakatwa. Sikuhangaika. Nilisema kwa sauti, hapa chumbani, "Wambui anayo." Nikaja kwenye Shukrani yako nimevaa kitenge kipya, nimekuja kupokea.

Mume wako alikuwa amefunga aproni. Alitaka kutufurahisha, maskini. "Mama Mkubwa, leo githeri nimepika mwenyewe, kwa mikono yangu!" Akanijazia sahani. Nikatazama. Lile doa likipikwa linafifia, lakini haliondoki. Mahindi, na katikati ya mahindi, watu wa kwetu wote, wamelala chali.

Mama Zuhura akasema, "Eish, maharage haya matamu, Baba Tumaini, umeyatoa wapi?" Naye akajibu kwa fahari, "Kabatini tu! Yalikuwa kwenye chupa, yamekaa tu hayana kazi."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la kachumbari. Ulinitazama. Nami nikakwambia, "Leta chumvi."

Basi. Hayo ndiyo maneno niliyokwambia, na naona umeyabeba mwaka mzima ukiyageuza upande huu na ule. Sasa nakueleza maana yake: githeri ilikuwa haina chumvi. Nikamaliza sahani, nikaomba nyingine. Ungetaka nifanye nini? Nimwage chakula cha mwanamume aliyesimama jikoni tangu asubuhi kwa ajili ya wageni, nimwaibishe mbele ya Wakongo? Hakujua. Kwenu maharage kwenye chupa ni chakula, hata kwangu ni chakula, ila yale. Baba Tumaini, hapa zitakaposomwa habari zako, usijifiche chooni. Ulipika vizuri. Mwaka huu ongeza chumvi.

Iliniuma? Iliniuma, Wambui. Sitakudanganya nionekane mtakatifu. Niliporudi nyumbani nilikaa na kile kitenge kipya mpaka kikakunjamana. Nilikuwa nimetafuna safari yangu yote, nikaomba na nyongeza. Lakini kilichoniuma hakikuwa wewe. Wewe ulikuja kuniuma baadaye, simu ilipoanza kuita mpaka inachoka. Maharage yaliisha siku moja. Wewe unaisha kila Jumapili unayoacha kuja, na hilo tumbo langu halijui kulisaga.

Na tangu mvua za mwaka huu zianze, sikai. Natoa ndoo dirishani naziweka kwenye ngazi, nazitoa kwenye ngazi narudisha dirishani. Majirani wananikwaza wakiuliza, "Gogo, unahama?" Nikiweka sufuria jikoni natoka kutazama zile nondo, ziko uchi, narudi sufuria imeungua. Mama Zuhura anasema nina presha. Sina presha. Ni ile siku ya barazani imenirudia. Nilikuwa nasonga ugali, nikasikia pa! Alikuwa mtoto wa jirani anapasua mfuko wa plastiki. Mwiko ukanitoka mkononi.

Wambui. Yale maganda yalipokuwa yanapasuka, tuliokota maharage ya kwenye vigae. Ya ndani ya ndoo tuliyaokota?

Mimi najiuliza hata kanisani. Namwona Tumaini akikimbia kwenye vigae, nakuona wewe na chupa, sioni mkono wa mtu yeyote ukiingia kwenye ndoo. Baraza yako ina paa. Mvua haifiki pale. Na najua hujamwagilia, maana aliyekuwa anakukumbusha kumwagilia ni mimi. Udongo ukikaa mkavu, harage linalala tu linangoja.

Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mvua zikianza unamwaga udongo wa zamani nje, unachanganya mpya na samadi. Nilikukazania mpaka ukaniambia, "Shosho, nimesikia." Sasa naomba uwe mwanafunzi mbaya.

Ndiyo maana nilikuja. Getini hawakukwambia? Nilipanda teksi ya kwanza mpaka mjini, nikapanda ya pili, nikashuka kwenye robot, zile taa za barabarani za karibu na kwako, nikatembea na magoti haya. Mlinzi wa getini alibonyeza kengele ya nyumba yako, akabonyeza tena. Akaniambia kwa Kizulu, kwa huruma, "Gogo, hawajibu." Gari lako lilikuwa ndani. Niliona pazia la jikoni. Nilitaka kupiga kelele neno moja tu, "Usimwage!" lakini mtaa ule wenu, mtu akipiga kelele wanaita polisi. Nikamwachia mlinzi mbegu za lengalenga, angalau yeye apate kitu. Ana ndoo, nilimuuliza.

Kwenye simu sikutaka kutuma ujumbe. Ungesoma neno "maharage" ukadhani nakudai, ukafuta. Sikudai. Kama udongo umeshaumwaga, umeumwaga, tutapanda kunde, Mama Zuhura anazo. Kama hukuumwaga na ndani hamna kitu, hamna kitu. Utalia kidogo, nami nitalia kidogo, halafu utapika chai, maana yangu unasema ina sukari nyingi. Lakini mimi siwezi kuwapoteza wote wawili, wewe na maharage, kwa sahani moja ya githeri. Nimepoteza mengi kwa mambo makubwa kuliko hayo. Kwa chakula kitamu, nakataa.

Shukrani ya mwaka huu itakuwa kwangu, tutabanana hivyo hivyo. Kiti chako nimekwisha kukigombea na Wakongo.

Zishike kwako, mwanangu, popote zilipo.

Na usingoje Shukrani, njoo Jumamosi hii. Njoo na ile ndoo jinsi ilivyo, na udongo wake. Iweke kiti cha mbele uifunge mkanda kama mtoto, usiimwagilie, usiichokore, na Tumaini asitie mkono. Ukifika usipige hodi, panda tu ngazi, uiweke chini katikati ya chumba, halafu nawa mikono uje unikalie upande wa pili. Tutaingiza vidole pamoja.

Shosho wako,
asiyekudai kitu ila sura yako