Lori Limenyamaza

Tinde, Jumamosi, 1954

Hatimaye wakala wa malori wa Shinyanga amenirudishia lori langu. Jirani yangu Masanja ana la aina hiyohiyo na halijawahi kumlaza njiani. Langu limeshinda gerejini kwa wakala msimu mzima wa pamba, na kila likitoka injini inagonga vilevile.

Leo fundi wao kajisifu: "Baba Kulwa, sasa hulisikii hata kidogo."

Kweli. Njia nzima kimya, nami nikazidi kuudhika, sijui kwa nini.

Marehemu Mama Kulwa alikuwa akisikia lile lori likigonga toka mtoni, anainjika maji ya ugali. Nikishuka, yanachemka.

Leo nilipofika mtoni nikapiga honi. Kisha nikakaa palepale garini, nikitazama kama jikoni kutatoka moshi.