Ukasha Anasikia

Jumatatu, 2 Septemba

Nimemtuma Ukasha sokoni alete vifungo ishirini na vinne. Ameleta vitunguu ishirini na vinne. Kuhesabu hakukosea.

Sare za shule sita ziko wazi kifuani. Jioni tumekula mchuzi mtamu sana.

Lakini nina wasiwasi. Mwaka huu mdogo wangu amekuwa mzito. Analala mchana, cherehani ikinguruma karibu na kichwa chake. Ukimwita haitiki. Nabirye wa duka la pili anasema watu kama yeye huzeeka mapema, nisijisumbue. Nimempa vitunguu vinne ili aondoke.

Jumanne, 3 Septemba

Kliniki ya hapa Jinja. Kwenye fomu wameandika: mwanaume, miaka 33, hali ya Down, ile aliyozaliwa nayo. Basi, baada ya hapo hakuna aliyemtazama. Mhudumu aliniuliza mimi: Anakula? Anaenda chooni? Huwa anauma? Wakati huo Ukasha alikuwa amenyoosha mkono amsalimie.

Nikasema hajawahi kuuma, labda mimi.

Tumepewa vitamini. Eti hawa ndivyo walivyo. Nilitembea mpaka nyumbani nikitunga majibu makali. Yote mazuri yalikuja nikiwa nafungua kufuli.

Alhamisi, 5 Septemba

Shangazi Kulusumu kapiga simu kutoka Mbale. Kuna kliniki huko, kuna daktari wa masikio anayeitwa Gidudu, Jumamosi anawaona watu wazima wenye ulemavu. Nije kesho, nilale kwake, mtaa wa Nkoma.

Halafu, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu kidogo: kuna Bwana Jafar, muuza matairi, mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Angependa kuniona.

Nina miaka arobaini na moja. Nimemwambia tunakuja kwa ajili ya masikio.

Nimefungasha gauni la kijani. Ni jepesi tu kwa safari.

Jumamosi, 7 Septemba

Daktari Gidudu ni mfupi, viatu vikubwa. Alivuta kiti akakaa mbele ya Ukasha, siyo mbele yangu. Ukasha akampigia saluti, kama alivyofundishwa na marehemu babu, aliyekuwa askari. Mtu yeyote ambaye Ukasha anamheshimu, humwita afande.

"Afande," Gidudu naye akamjibu, "unaniruhusu niangalie masikio?"

Ukasha akafikiri. Akaruhusu la kulia. Baadaye la kushoto.

Nta. Imejaa mpaka mlangoni, imekauka kama udongo. Gidudu anasema njia za masikio ya watu kama yeye ni nyembamba, hali hii ni ya kawaida, anapaswa kuangaliwa kila mwaka. Akauliza mara ya mwisho ilikuwa lini. Nikatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya figo.

Pia damu, wapime tezi ya shingoni, kwa sababu ya usingizi ule. Hapo Ukasha akagoma. Dada kwanza, akasema. Sista Namono, muuguzi wa pale, akaona ni haki, akanifunga mkanda wa presha. Iko juu. Nilipeleka mgonjwa mmoja, nimerudi na wawili. Ndipo Ukasha akatoa mkono, damu ikachukuliwa.

Kwa masikio tumepewa matone ya mafuta ya zaituni, wiki nzima, nta ilainike. Nikamwonyesha chupa, nikamwambia kwa kelele jina la mafuta. Akanitazama kwa huruma.

"Dada. Wamekukamua?"

Zaituni ndilo jina langu. Sista Namono ilibidi atoke nje.

Jumanne, 10 Septemba

Bwana Jafar amekuja hapa kwa Shangazi. Mpole, shati limepigwa pasi, ndevu nyeusi kuliko umri wake. Sikujua nitazame wapi. Nimekula mandazi matano.

Wamezungumza habari za Ukasha naye akiwa amekaa pale pale katikati, pamba masikioni. Jafar alisema nyumba yake ina vyumba viwili tu. Shangazi akasema si tatizo, Ukasha aende Wanyange kwa binamu yetu Mugweri anayekaanga samaki kule ziwani, hewa ni nzuri.

Mimi? Nilichukua andazi la sita.

Jumamosi, 14 Septemba

Gidudu ameosha masikio kwa maji ya vuguvugu na bomba. La kulia limetoa kitu cheusi, ukubwa wa kokwa la tende. Ukasha ameomba akibebe nyumbani. Amekatazwa.

Kisha akainua kichwa. "Nini hiyo?"

Feni. Ilikuwa ikizunguka juu yetu muda wote. Akaisikiliza, mdomo wazi, labda dakika tatu. Gidudu hakumharakisha.

Tulipotoka nikamwita kwa sauti niliyozoea. Akaziba masikio. "Dada, kwa nini unapiga kelele?"

Mwaka mzima nimempigia kelele. Mtaa mzima wa Jinja unajua mambo yangu, yeye peke yake ndiye hakuyajua.

Jumapili, 15 Septemba

Aibu. Naandika polepole ili niikumbuke yote.

Bwana Jafar alialikwa chakula cha mchana. Asubuhi jikoni Shangazi alikuwa na maneno yake. Ndevu zile ni rangi ya dukani, alisema, lakini mwanaume anayepaka rangi bado ana matumaini. Na habari ya Wanyange tuimalize wiki hii, Mugweri ameshakubali. Ukasha alikuwa mlangoni akichambua mchele. Hakuna aliyepunguza sauti. Mazoea.

Mezani Ukasha alikula vizuri, akanawa, akageuka.

"Afande. Ndevu zako ni za duka gani?"

Shangazi alikwama na kipande cha nyama.

Jafar akauliza nani kasema. Kwa upole tu.

"Shangazi. Na mimi siendi Wanyange. Maji mengi." Halafu akanielekeza kidole. Hakuwa na hasira, alikuwa anatoa taarifa. "Dada alinyamaza."

Jafar alishika kidevu. Akasema rangi ni ya duka la karibu na msikiti. Akaaga mapema.

Shangazi anamlaumu daktari. Mimi nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Nilikuwa jikoni pale pale. Alinisikia nikinyamaza.

Jumatatu, 16 Septemba

Majibu ya damu. Tezi ya shingoni inafanya kazi kidogo mno. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na baada ya wiki sita wapime tena. Kwa hiyo si uzee. Nabirye nitamwambia mwenyewe, na vitunguu vyangu arudishe.

Gidudu akamuuliza Ukasha nani atamkumbusha kidonge. "Mimi," Ukasha akasema. "Dada anasahau." Sista Namono akamchorea kalenda ya jua na kikombe.

Kuna kundi la watu wazima kama yeye, wanakutana pale kliniki kila Jumatano: mazoezi, mapishi, kupimwa uzito. Ukasha ameshajiandikisha. Nikamkumbusha kwamba tunakaa Jinja. Akasema hilo ni jambo la kuzungumza.

Jumanne, 17 Septemba

Saa kumi alasiri. Bwana Jafar yuko barazani. Ndevu zina mvi, nyingi tu, na zinampendeza. Nilidhani amekuja kwa Shangazi. Hapana. Ameomba kuongea na Ukasha.

Nasikia kupitia dirisha. Ukasha ameuliza kama anakoroma. Kidogo, Jafar amesema. Ameuliza chumba cha pili kina nini. Matairi. Ukasha: matairi yanaweza kulala nje. Jafar anasema ni kweli, hakuwa amefikiria hivyo, ila yanaibwa. Sasa wanajadili mnyororo.

Shangazi amesimama nyuma ya pazia, anafikiri haonekani.

Nimeitwa. Nimeenda na gauni la kijani, mikono ina unga. Ukasha kaninyooshea kiti.

"Dada, huyu nimemuuliza. Amejibu. Wewe unamtaka?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Shangazi aliuliza kama nitakuja. Jafar aliuliza kama sina pingamizi. Wote wawili wakanitazama, na pazia pia.

Nimesema naingia ndani mara moja kutafuta miwani.

Nimeivaa muda wote. Wanaiona. Ukasha amenipa mpaka ishirini na nne, anahesabu kwa sauti, pole pole, amefika kumi na nane, na mimi naweka kalamu chini niende nikaseme ndiyo.