Kubagua na Kuchagua

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mama hapo nyumbani. Natumaini kifua chake kimetulia na analala bila kukohoa, na kwamba siku hizi unakula kabla hujakaa kwenye cherehani, maana nakujua. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wanazidi kurefuka na kumaliza viatu. Mimi nimechoka tu, uchovu ule unaoanza kwenye nyayo na kupanda taratibu hadi machoni, lakini siumwi.

Najua unachokitafuta humu si salamu. Unataka kujua kama foronya yako ya mfano imepita, na kama kiwanda kitakupa kazi ya kushonea nyumbani, ili ukodi kile chumba cha barabarani na vumbi la vitambaa limwondokee mama puani. Nitalifikia hilo. Nivumilie kwanza, maana kuna neno moja la Kiingereza lililonitesa huku, na nisipokueleza habari zake hutanielewa.

Kazi yangu unaijua. Nasimama mbele ya meza ndefu chini ya taa, napitisha kidole kwenye kila pindo la shuka kabla halijafungwa kwenda hotelini. Lenye kasoro nalirudisha kwa aliyelishona. Si kazi ya kumpatia mtu marafiki. Mwenzangu wa meza ya pasi, ambaye mdomo wake una moto kuliko hiyo pasi, husema siku nikifa nitamrudisha malaika mlangoni akanyooshe kanzu yake kwanza.

Basi juzijuzi alikuja mteja wetu mkubwa, mwenye hoteli za ng'ambo. Alisimama nyuma yangu kitambo, akaniangalia nikifanya kazi, kisha akamgeukia meneja na kumwambia kitu huku akitabasamu. Mimi nililiokota neno moja tu, discriminating, nikalisahau. Mgeni alipoondoka meneja alinitazama kama mtu aliyeona nyoka chumbani. Asubuhi yake alitukusanya uani, akasema kwa masikitiko kwamba mgeni amegundua mkaguzi wetu ni mbaguzi.

Unajua kwamba wengi wanaorudishiwa mashuka ni wale wanawake wa ng'ambo ya mto, walioajiriwa mwisho na kupewa cherehani kuukuu. Siwalaumu kwa walivyolipokea. Walisema sasa wameelewa kwa nini kazi zao hazimalizi safari, kwamba hata mgeni wa siku moja ameliona. Mchana nilikula peke yangu kwenye benchi la watu sita. Salamu zangu ziliitikiwa kwa kisogo. Lililoniumiza zaidi ni kwamba nilianza kujishuku mwenyewe. Kila nikishika shuka nilijiuliza kama narudisha mshono au namrudisha mtu, na kidole kikawa kizito.

Sikusaidiwa na hekima ya mtu yeyote. Nilisaidiwa na hofu ya meneja. Aliogopa kumpoteza mteja, akampigia simu kumwomba radhi na kumwahidi kwamba nitafukuzwa. Mteja hakuelewa anaombwa radhi ya nini, na alipoelewa alicheka mpaka meneja akalazimika kuiweka simu mbali na sikio. Alimweleza kwamba neno hilo lina nyumba mbili. Ukisema mtu ana-discriminate against wenzake, hapo ndipo penye ubaguzi, ule wa kumnyima mtu haki kwa asili yake au sura yake. Lakini ukisema mtu ni discriminating, au ana jicho discriminating, umemsifu. Umesema anajua kuchagua, kwamba anaona tofauti ya kilicho kizuri na kilichokaribia tu kuwa kizuri.

Meneja alitukusanya tena na kuyasema hayo yote, kwa haraka na bila kumtazama mtu. Mmoja wa wale wanawake wa ng'ambo ya mto alikuja kukaa kwenye benchi langu akanisogezea chumvi. Mwenzangu wa pasi alianza kujiita discriminating kila akikataa maharage ya jana. Meneja naye alilipenda neno kupita kiasi. Alimwita mchoraji, akaandikisha getini kwa herufi za buluu, We discriminate our customers. Alitaka kusema wateja wetu wanajua kuchagua. Alichosema ni kwamba wateja wetu tunawabagua. Nilikwenda ofisini kumweleza polepole, na mchoraji akarudishwa na kopo la chokaa.

Kwa kunifuta machozi akanipa cheo. Sasa mimi ndiye ninayewachagua washonaji wa nje, na neno langu ndilo la mwisho. Nisingekitaka cheo hiki kama ningejua kazi yake ya kwanza.

Foronya za mfano ziliwekwa mezani bila majina, kila moja na namba yake. Yako niliijua kabla sijaifunua. Ni wewe peke yako unayemalizia uzi kwa kuurudisha ndani namna ile, kama mama alivyotufundisha. Niliishika muda mrefu kuliko zote. Mshono wako umenyooka, mdogo wangu, na pindo ni safi. Ila pembe moja imevutwa, na kitambaa kimejikunja pale. Mama angeilalia mwaka mzima asione kitu. Mimi nimeiona.

Nimeirudisha. Hukupita.

Ningeweza kuipitisha na asingejua mtu. Nililifikiria hilo, sikufichi, nikamfikiria na mama na kifua chake. Lakini mezani palikuwa na foronya nyingine yenye pembe zote nne sawa, ya mtu nisiyemjua hata sura, ambaye hana dada pale kiwandani. Ningempita yeye nikakuchukua wewe, lile neno walilonisingizia lingekuwa langu kweli, na ile nyumba yake mbaya.

Mwezi wa nne watapokea mifano tena. Nitaomba ruhusa nije siku chache tukae pamoja na hizo pembe, kama utakubali kukaa nami. Barua ya kiwanda itakufikia baada ya hii. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Ukininunia, una haki.

Msalimie jirani yetu wa mlango wa pili, na mshikie mama mkono kwa niaba yangu. Akikuuliza dada yako amesemaje, mwambie wewe. Mimi nimejaribu kumwandikia yeye mara tatu na nimeshindwa.

Ni mimi dada yako.