Mluzi wa Nahumu

Makambako,
Jumatatu, 12 Juni 1995

Kwako dada yangu Ema,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ludewa, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Peace kimepungua. Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Asubuhi vidole vinakataa kushika kalamu. Lakini nisikudanganye, leo si baridi inayonisumbua. Naogopa, dada. Naomba barua hii uisome peke yako, shemeji utamweleza baadaye.

Unajua nafanya kazi kwa mzee Omary, kwenye chumba cha nyuma ya duka lake hapa karibu na stendi, tunakorekodi kwaya kwenye kaseti. Tangu waruhusu watu kuingiza bidhaa, kila mzigo wa mitumba unaotoka Dar una maajabu yake. Mwaka jana aliletewa kinanda cha umeme cha zamani, kimejaa matundu na nyaya fupi kama ule ubao wa simu wa posta. Alitaka kukiuza vyuma chakavu. Nikamsihi aniachie.

Nilikaa nacho miezi, nikagundua kwamba sauti yenyewe si kitu. Kazi yote iko kwenye nyaya. Kuna tundu linalotoa wimbi la polepole ambalo sikio halilisikii. Ukilipeleka kwa waya kwenye tundu la sauti, sauti inatetemeka. Ukilipeleka kwingine, sauti inafifia kisha inang'aa. Mzee Omary husema nachezea utumbo wa mashine, lakini akisikia filimbi inalia pasipo na filimbi, anacheka mpaka anashika mbavu.

Siku moja nikaamua kutengeneza mluzi wa kaka Nahumu. Unaukumbuka: mrefu, umenyooka, mwishoni unatetemeka kwa sababu ya lile jino lililovunjika, halafu unaporomoka. Mama akiusikia kutoka bondeni alikuwa anabandika maji ya ugali. Ulinichukua wiki mbili na nyaya tatu. Waya wa kwanza wa kuutetemesha, wa pili wa kuuambia mtetemo usubiri kidogo, wa tatu wa kuiangusha sauti ninapoinua kidole. Ulipotoka sawasawa nywele zilinisimama. Nikauweka mwanzoni mwa wimbo wa mavuno wa kwaya moja, bila kumwambia mtu yeyote ni wa nani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kaseti ikafika sokoni Njombe. Mama alikwenda kununua chumvi, akausikia kwenye redio ya muuza kaseti. Telesia, jirani yetu, alikuwa naye. Anasema mama alikaa chini palepale kwenye matope, akaomba urudiwe mara nne. Tangu siku hiyo anaamini Nahumu yuko hapa kwangu, anajificha kwa aibu ya yale maneno waliyorushiana mwaka tisini na mbili, mama alipomwambia asikanyage tena uani kwake, naye akaondoka.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda kijijini kumweleza. Nikamwambia ni mashine, mama, ni mimi na nyaya zangu. Alinitazama kwa huruma, akasema mashine haiwezi kujua kwamba mwanawe alivunjika jino. Akasema nisihangaike kumtetea, amekwisha kumsamehe, na anamfumia sweta maana Makambako kuna upepo. Nikaaga, nikapanda basi la kurudi. Wiki iliyopita zikaja salamu zake kupitia Telesia: nimpime Nahumu mabega, nipeleke vipimo, na Jumamosi hii anakuja mwenyewe. Anaomba akishuka stendi Nahumu apige mluzi, naye ataufuata.

Dada, presha ya mama unaijua. Daktari alishasema asipewe habari za ghafla. Kila basi la kutoka Njombe likipiga honi, natoka mlangoni kuangalia nani anashuka.

Sasa nikuambie lililonikaa kooni. Nahumu hayupo duniani. Alifariki miaka miwili iliyopita. Lori la mbao alilopanda lilipinduka kwenye mteremko wa Kitonga, na wenyeji wa kule chini wakamzika kwa kuwa hakuna aliyemjua. Issa, dereva aliyekuwa akimpa lifti mara kwa mara, alipita hapo siku ya pili akalitambua koti lake walilokuwa wamelihifadhi, akaja kuniambia. Nilikwenda, Ema. Nililiona kaburi, nikarudi na koti. Wakati ule mama alikuwa amelazwa, nikasema nisubiri apone. Alipopona nikasema nisubiri wavune. Baada ya hapo sikuwa tena na mdomo wa kusemea. Hata wewe nilikuficha. Kila barua ulikuwa unauliza, nami najibu bado hatujapata habari. Nisamehe. Ule mluzi niliutengeneza kwa sababu nilikuwa nimeanza kuusahau.

Na kuna baya zaidi. Jana nilisogeza spika dirishani, nikaielekeza stendi. Nilitaka mama ausikie Jumamosi, afurahi walau kwa hatua zile chache za kufika mlangoni. Nikabonyeza mara moja kujaribu. Mzee Omary akaingia mbio kutoka nje akaniuliza ni nani huyo anayepiga mluzi kuniita. Woga ulinishika, nikazing'oa nyaya zote tatu. Sikuwa nimeandika popote zilikuwa zinakaa tundu gani. Leo tangu asubuhi najaribu kuurudisha. Mluzi unatoka, lakini si wake.

Barua hii nampa dereva wa basi la Ludewa leo hii. Nakuomba Ijumaa uwe umefika. Habari hii siwezi kumpa mama peke yangu, na asipokuwepo wa kumshika sijui itakuwaje. Ukija nitakuonyesha koti, liko chini ya godoro langu.

Msalimie sana shemeji, na Peace mwambie mjomba anampa pole. Mzee Omary naye anakusalimu, hajui chochote.

Vile vipimo nilivipeleka, dada. Nilijipima mabega yangu mwenyewe. Telesia anasema mikono yote miwili ya sweta imekwisha, imebaki shingo.

Mdogo wako,
Yoeli